Sura ya Tano: Nyumba Hulipwa, Mtaa Haulipwi

Mjini Louisville, katika jimbo la Kentucky, pale Frankfort Avenue inapokutana na River Road, umesimama ukuta wa mawe usio na nyumba nyuma yake. Ni uso mtupu wa nyumba: mlango, madirisha, na nakshi zilizochongwa kwa ustadi, ikiwemo sura ya Rais James Buchanan na maneno ya kuusifu Muungano wa Marekani. Aliyeuchonga ni Christian Heigold, fundi mawe aliyehamia kutoka Ujerumani. Alijenga katika miaka ambayo mgeni hakuwa na raha mjini humo. Tarehe 6 Agosti 1855, siku ya uchaguzi, magenge ya wapinga wageni yaliua watu wasiopungua 22, wengi wao Wajerumani na Waayalandi. Heigold akajibu kwa patasi. Uzalendo wake aliuweka barazani, kila mpita njia ausome.

Nyumba hiyo ilikuwa katika mtaa wa The Point, ukingoni mwa Mto Ohio, mashariki kidogo ya katikati ya jiji. Maji hayakuwa mageni pale. Yalipopanda, watu walipandisha vitu ghorofani, wakasubiri, wakatoa tope, maisha yakaendelea. Januari 1937 mazoea hayo hayakufaa kitu. Mvua ilinyesha karibu mwezi mzima, na tarehe 27 mto ukafika futi 57 kwenye kipimo cha mji, yaani zaidi ya mita 17. Takriban asilimia 70 ya Louisville ilizama, na watu wapatao 175,000 wakayahama makazi yao. Mji wa viwanda vya wiski haukosi mapipa. Yaliunganishwa yakawa daraja la kuelea juu ya kijito cha Beargrass, na maelfu wakavuka kwa miguu kwenda Highlands, upande wa muinuko.

Wakati huo ndipo Margaret Bourke-White wa jarida la Life alipopiga picha ambayo hadi leo inachapishwa vitabuni, mara nyingi bila kutajwa kwamba ni ya mafuriko. Watu Weusi wamepanga foleni ya msaada, wamevaa makoti, wameshika vikapu na ndoo. Juu yao kuna bango kubwa la familia ya Wazungu ndani ya gari, baba, mama, watoto wawili na mbwa, wote wanacheka, na maandishi yanayojigamba kwamba hakuna nchi duniani yenye maisha bora kuliko Marekani. Wengi huitumia picha hiyo kuzungumzia ubaguzi, na ni haki yao. Mimi humtazama zaidi yule aliyebeba kikapu, nikajiuliza alikuwa anakaa mtaa gani na kama aliurudia.

The Point haikuinuka tena. Nyumba ya Heigold ilibomolewa mwaka 1953, uso wake ukanusurika, na mwaka 2007 ukahamishiwa hapo ulipo. Jiji lenyewe liliamua kujikinga kwa ukuta. Leo kuta na matuta ya Louisville yana urefu wa kilomita 42 hivi, pamoja na mageti ya chuma na stesheni 16 za pampu. Kazi hiyo ilipofika Portland, bandari ya zamani upande wa magharibi, nyumba za ukingoni zilivunjwa kupisha kinga, na mtaa ulioishi kwa mto ukabaki hauoni mto.

Lakini ukuta huzuia maji ya nje. Maji ya ndani ni habari nyingine. Katika sehemu za zamani za Louisville, mvua na majitaka hupita bomba moja, na mengi ya mabomba hayo yana umri wa miaka zaidi ya 100. Asubuhi ya tarehe 4 Agosti 2009 mvua iliyanyeshea kupita uwezo wake. Maktaba kuu ya jiji ilifurika chini na kupoteza maelfu ya vitabu, hilo likatangazwa sana. Kwenye Maple Street, katika mtaa wa California upande wa magharibi, maji yalirudi kwa njia yaliyotokea: yalipanda kupitia mifereji ya sakafuni hadi vyumba vya chini, yakiwa na kila kilichomo kwenye bomba la majitaka. Mto ulikuwa mbali na umetulia.

Upande huu wa magharibi ndio uliopakwa rangi nyekundu kwenye ramani za mikopo za miaka ya 1930, rangi iliyoiambia benki isitie fedha yake pale. Wazungu wengi waliuhama, na Weusi waliobomolewa katikati ya jiji miaka ya 1960 wakahamia. Kwa hiyo maji ya mwaka 2009 yaliwakuta watu ambao tayari walikuwa wamehamishwa mara moja, kwa barua.

MSD, shirika la jiji linaloshughulikia majitaka na mafuriko, liliamua kununua nyumba. Liliishia kununua zaidi ya 100, kwa fedha za FEMA, taasisi ya taifa ya kukabili maafa. Utaratibu wake unastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ndio unaotumika nchi nzima, na umekwisha kununua nyumba zaidi ya 40,000 Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kwanza, ni hiari. Jiji humwandikia mwenye nyumba kwamba halitatumia nguvu ya sheria kumtoa, naye husaini kwamba anauza kwa ridhaa yake. Serikali kuu kwa kawaida hutoa asilimia 75, na zinazobaki hutafutwa na jimbo au jiji. Bei inaweza kuwa ya soko kabla ya mafuriko, na hapo Mmarekani anamshinda mkazi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, kwa mbali. Lakini ngoja hesabu. Tuseme nyumba ya mama mmoja imethaminiwa dola 60,000. Baada ya mafuriko alipewa dola 8,000 za matengenezo. Kama hana risiti za kuonyesha kwamba zilikwenda kwenye matengenezo, zitakatwa, kwa sababu serikali hailipi kitu kimoja mara mbili. Ana risiti za dola 3,000. Basi atapewa 55,000, na benki inayomdai mkopo wa nyumba itachukua chake kwanza, pale pale mezani. Hapo ndipo unapojua nani alitunza karatasi wakati kabati la karatasi linaelea.

Baada ya kusaini, nyumba lazima iondolewe ndani ya siku 90. Kiwanja kinakuwa wazi milele: hati inakataza ujenzi, isipokuwa vitu kama choo cha umma au banda lisilo na kuta. Kwa usalama ni sheria nzuri, maana inamzuia mjanja wa kesho. Ila kwa kuwa ni hiari, huyu anauza, jirani yake anakataa, wa tatu ni urithi wa ndugu sita ambao hawajaelewana, na barabara inabaki kama kinywa cha mtoto anayeng'oa meno. Duka linafungwa kwa kukosa wateja. Aliyekataa sasa anakaa peke yake, na bomba lile lile liko chini yake.

Mpangaji je? Sheria ya mwaka 1970 ya kuhamisha watu kwa miradi ya serikali inampa gharama za kuhama na nyongeza ya kodi ya nyumba kwa muda. Hilo si dogo. Kinachokosekana ni sauti. Mwenye nyumba ndiye anayeulizwa kama anataka kuuza. Mpangaji, hata akiwa amekaa miaka 20, huarifiwa.

Sehemu ya ardhi ya Maple Street ilipangwa kuwa bustani yenye jina la Alberta O. Jones, mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa mwendesha mashtaka mjini Louisville, na mwanasheria aliyesimamia mkataba wa kwanza wa ndondi za kulipwa wa kijana wa mji huo aliyeitwa Cassius Clay. Aliuawa Agosti 1965, na mwili wake ulikutwa ndani ya Mto Ohio. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji hayo.

Msomaji wa Dar es Salaam ameshaiona hadithi hii kwa sura nyingine. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na wakazi wa mabondeni, Jangwani wakiwa mbele, wakapewa viwanja Mabwepande. Palikuwa salama. Palikuwa pia mbali na Kariakoo, na mtu anayeuza maji ya baridi au anayebeba mizigo sokoni hawezi kulipa nauli ya kwenda na kurudi kisha abaki na faida. Baadhi waliuza viwanja wakarudi bondeni, na magazeti yakawaita wakaidi. Uganda ilipata yake baada ya maporomoko ya Bududa ya Machi 2010, yaliyofukia mamia ya watu. Manusura walipelekwa Kiryandongo, upande wa pili wa nchi, kwenye lugha nyingine na kilimo kingine, na wako waliorudi kwenye mlima ule ule. Sikubaliani na wanaosema watu hawa hawaelewi hatari. Wamepima hatari mbili, na njaa ndiyo inayobisha hodi kila siku.

Je, mtaa mzima unaweza kuhama pamoja? Louisville yenyewe imefanya hivyo, ingawa kilichowahamisha watu kilikuwa ndege. Uwanja wa ndege wa mji ni kituo kikuu cha kampuni ya UPS, na ndege za mizigo hutua na kuruka usiku kucha. Uwanja ulipopanuliwa, mji mdogo wa Minor Lane Heights, wenye meya na baraza lake, ukawa haukaliki kwa kelele. Badala ya kila kaya kupewa hundi na kutawanyika, ulitengenezwa mradi wa nyumba mpya mahali pengine katika kaunti hiyo hiyo, na waliotaka wakabadilisha nyumba ya zamani kwa mpya. Mji ukahama na serikali yake, ukaitwa Heritage Creek. Si kila mtu alikwenda, na hakuna uhamisho usio na manung'uniko. Lakini usiku mtu aliweza kugonga kwa jirani yule yule.

Jimbo la Ohio lilikuwa limefanya kubwa zaidi miaka 80 kabla. Mafuriko ya Machi 1913 yaliua mamia ya watu jimboni, mji wa Dayton ukiumia kuliko yote. Mhandisi Arthur Morgan akabuni mabwawa yasiyo na maji: matuta makubwa yenye matundu, mto hupita siku zote kama kawaida, na mafuriko yakija maji hujaa nyuma ya tuta na kutoka polepole. Shida ni kwamba nyuma ya tuta la Huffman palikuwa na mji wa Osborn. Kuanzia mwaka 1921 nyumba zipatazo 400 ziliinuliwa kwenye misingi yake, zikawekwa juu ya magurudumu na kukokotwa kilomita chache hadi kando ya kijiji cha Fairfield. Mwaka 1950 Osborn na Fairfield ziliungana zikawa Fairborn. Nyumba nyingi za Osborn bado zinakaliwa huko, kama kilomita 90 magharibi ya Columbus. Miaka 100 iliyopita, bila kompyuta, kwa matrekta na minyororo, walihamisha mji. Siku hizi utafiti unaonyesha kwamba kununua nyumba moja kwa mpango wa FEMA huchukua kwa wastani zaidi ya miaka mitano.

Columbus ina hadithi ya aina ya tatu. Mwaka 1797 mpima ardhi Lucas Sullivant alichora mji wa Franklinton kwenye ukingo wa magharibi wa Mto Scioto. Mwaka uliofuata mto ukapita juu ya michoro yake. Akasogea kidogo, akagawa viwanja vya bure ili kuvuta watu, na barabara ile hadi leo inaitwa Gift Street. Mwaka 1812 wakubwa wa Ohio walipochagua mahali pa kujenga makao makuu ya jimbo, hawakukaa Franklinton. Walivuka mto wakajenga Columbus kwenye ukingo wa juu, ng'ambo. Serikali ilijihamisha kutoka bondeni kabla ya yeyote, na haikusubiri fidia.

Waliobaki chini walikipata tarehe 25 Machi 1913. Tuta lilikatika na zaidi ya watu 90 wakafa mjini, wengi upande huo wa magharibi. Jina la utani la Franklinton likawa The Bottoms, sawasawa na sisi tunaposema mabondeni, na kwa kejeli ile ile. Halafu mwaka 1983 sheria za eneo la mafuriko zikabana: huwezi kujenga, huwezi kufanya ukarabati mkubwa, na benki hazioni sababu ya kukopesha. Hakuna aliyefukuzwa. Mtaa uliachwa tu ujichakae, na nionavyo mimi huo nao ni uhamisho, ule usio na bajeti. Ukuta wa mafuriko wenye urefu wa kilomita 11 hivi ulikamilika mwaka 2004. Usalama ulipofika ulifika pamoja na bei: studio za wasanii, baa za bia za kienyeji, kisha maghorofa ya vioo. Mwaka 2019 hospitali ya Mount Carmel iliyokuwa imehudumia mtaa tangu karne ya 19 ikahamishia wodi zake Grove City, nje ya jiji. Walioishi pale miaka ya maji walianza kushindwa kodi katika miaka ya ukavu.

Columbus pia ndiyo yenye jamii ya pili kwa ukubwa ya Wasomali Marekani, baada ya Minneapolis, na ndani yake wamo Wazigua. Wazee wao waliuzwa utumwani kutoka bara ya Tanga katika karne ya 19, wakapelekwa bonde la Juba, wakatoroka mashamba na kujijengea vijiji msituni, na Kizigua chao hakikufa. Vita vya mwaka 1991 viliwafukuza hadi kambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya. Mwaka 2002 walisafirishwa kwa mabasi kuvuka nchi hiyo hadi kambi ya Kakuma wakahojiwe kwa usalama, na kuanzia mwaka 2003 Wasomali wenye asili ya Kibantu wapatao 12,000, Wazigua wakiwamo, wakaanza kupelekwa Marekani. Mpango wa serikali ulikuwa kuwatawanya, miji karibu 50. Na wao walifanya nini? Walipata simu, wakapata magari, wakaanza kutafutana. Kaya zilitoka majimbo mbalimbali zikajikusanya Lewiston, mji mdogo wa baridi kali huko Maine ambao haukuwa kwenye mpango, na nyingine zikaja Columbus. Kama kuna anayetaka kujua gharama ya kuhamisha watu kaya moja moja, awaulize Wazigua nauli waliyotumia kuirekebisha kazi hiyo.

Buffalo, katika jimbo la New York, ni mji wa kupokea. Mwaka 1950 ulikuwa na watu 580,000. Viwanda vya chuma vilipokufa, watu waliondoka hadi wakabaki nusu, na jiji likawa linabomoa nyumba tupu kwa maelfu. Sensa ya mwaka 2020 ilionyesha ongezeko la kwanza katika miaka 70, hadi watu 278,000, na sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya wahamiaji: Wabangladeshi, Waburma, Wakongo, Warundi, Wasomali, na Wapuerto Rico waliofika baada ya kimbunga Maria cha mwaka 2017. Upande wa West Side utasikia Kiswahili cha Kivu kwenye foleni ya kliniki na kwenye duka la unga. Meya Byron Brown alitangaza mwaka 2019 kwamba Buffalo itakuwa kimbilio la wanaokimbia mabadiliko ya tabianchi. Maji tele, joto la wastani, nyumba nafuu.

Nilipoisikia kauli hiyo niliwafikiria wale waliotoka Goma, waliokimbia volkano ya Nyiragongo mwaka 2002 au 2021, na vita kabla na baada. Hao hawahitaji kufundishwa kwamba kila mahali pana lake. Tarehe 23 Desemba 2022 dhoruba ya theluji iliikalia Buffalo kwa siku kadhaa, na zaidi ya mita moja ya theluji ikaanguka uwanja wa ndege. Amri ya kutoendesha magari ilitolewa muda mfupi tu kabla ya kuanza kutumika, saa tatu na nusu asubuhi, wakati watu wengi wameshakwenda kazini. Waliokufa mjini na vitongojini walikuwa 47: ndani ya magari, barabarani, na majumbani ambako umeme ulikatika na gari la wagonjwa halikuweza kufika. Zaidi ya nusu ya waliofia jijini walikuwa Weusi, mitaa ya mashariki ikiongoza. Jamii ya Wakongo nayo ilizika.

Nusu saa kwa gari kutoka hapo, katika mji wa Niagara Falls, ndiko Marekani ilikojifunza kununua mtaa. Mwaka 1978 ilibainika kwamba nyumba na shule ya Love Canal zilikuwa zimejengwa juu na kando ya jalala la kemikali, tani zipatazo 21,000. Hatari hiyo haikuwa ya maumbile, lakini swali la nani aondolewe kwanza lilikuwa lile lile. Jimbo lilianza na nyumba 239 zilizokuwa karibu zaidi. Mama wa nyumbani, Lois Gibbs, aliongoza wenye nyumba waliobaki hadi Rais Carter akakubali mwaka 1980 wote wanunuliwe. Ng'ambo ya barabara palikuwa na Griffon Manor, nyumba za serikali za kupangisha, wengi wa wakazi wake Weusi. Watoto walicheza kwenye uwanja ule ule na kwenda shule ile ile. Wapangaji walilazimika kuunda chama chao wenyewe ili wahesabiwe.

Wengi wa Waswahili wa Louisville, Columbus na Buffalo ni wapangaji. Wanahama kufuata kazi, shule, ndugu na msikiti au kanisa, na wengi hupangiwa nyumba ya kwanza na mashirika ya wakimbizi, kwa haraka, mahali popote palipo na kodi wanayoimudu. Kodi ya chini mara nyingi ina sababu yake. Tangu Juni 2023, sheria ya New York inamtaka mwenye nyumba aandike kwenye mkataba wa upangaji kama nyumba iko katika eneo la mafuriko na kama imewahi kufurika. Ohio haina sharti kama hilo kwa wapangaji. Kwa hiyo Mkongo anayepanga Buffalo ataisoma historia ya maji kabla hajasaini, na binamu yake aliye Columbus atalazimika kuwauliza majirani, akibahatika kuwakuta wale wa siku nyingi.

Bima ya taifa ya mafuriko, iliyoanzishwa mwaka 1968, humruhusu mpangaji naye kukatia vyombo vyake. Huwa haianzi kufanya kazi hadi zipite siku 30 tangu alipe.